Nilivyoivunja Cherehani ya Dada Yangu

Naikumbuka siku moja ya mvua hapa Kisumu, mwanangu, miaka michache baada ya uhuru, siku niliyoifungua cherehani ya dada yangu Akinyi kwa kiburi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimetoka kujifunza ushonaji kwa masista, na nilidhani hakuna chuma kitakachonishinda.

Akinyi alikuwa mjane, akiishi nami na watoto wake watatu katika vyumba vya kupanga mtaa wa Kondele. Cherehani ile ya mkono aliachiwa na mama yetu, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika kwa kushikwashikwa. Ndiyo iliyowalisha. Wakati huo alikuwa akishona magauni meupe ya akina mama wa kanisa, ya kuvaa Pasaka.

Mlango wa pili aliishi Mama Njeri, muuza viazi, mtu wa kabila lingine aliyetoka upande wa Murang'a. Mume wa Akinyi alipokufa, huyo ndiye aliyetupikia uji mwezi mzima, huku ndugu zetu wenyewe wakigombania koti la marehemu. Alizoea kuingia kwetu bila kubisha, akishona nguo za binti yake na kutoka.

Asubuhi hiyo sindano ilivunjika. Akinyi alikuwa anatoka kwenda kununua uzi.

"Weka sindano mpya tu," akaniambia. "Kitu kingine usiguse."

Nikaweka. Nilipozungusha gurudumu, mashine ikaruka mishono. Uzi wa juu haukushikana na wa chini. Badala ya kuangalia pale mkono wangu ulipopita mwisho, nikatafuta kosa mbali. Nikakaza uzi, nikaulegeza. Nikatoa bobini, nikapuliza vumbi, nikatia mafuta. Bado inaruka. Hapo ningeiacha, lakini nani angeniambia kitu? Nikailaza ubavu, nikafungua skrubu za chini, na pini moja ilipokataa kutoka nikachukua nyundo. Chuma cha namna ile hakipindi, mwanangu. Hupasuka. Ufa ulipanda hadi shingoni mwa mashine.

Akinyi aliporudi alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika.

"Nani amefanya hivi?"

Ulimi hauna mfupa. "Nilienda kuteka maji," nikasema. "Nafikiri Mama Njeri aliingia kushona."

Sikujua neno moja linaweza kukimbia hivyo. Akinyi alitoka nje kwenye mvua akapiga kelele: "Nimekula na wewe sahani moja! Kumbe nyinyi watu ndivyo mlivyo!" Na nyakati zile, siasa ilikuwa tayari imeanza kuwatenga majirani. "Nyinyi watu" lilikuwa neno lililosubiriwa. Milango ikafunguka, wengine wakaongeza yao.

Mama Njeri alijibu mara moja tu: "Akinyi, mimi leo sijaingia kwako." Kisha akanitazama mimi. Kuanzia kesho yake viazi vyake vilioza bila mnunuzi.

Siku ya tatu niliipeleka mashine kwa fundi mmoja mzee pale mjini, Mzee Owuor. Hakuanza na ufa. Aliinama akaitazama sindano.

"Nani aliweka hii?"

"Mimi, Mzee."

"Umeiweka kinyume. Upande bapa umetazama kusiko. Cherehani yenu ilikuwa nzima." Akapitisha kidole kwenye ufa. "Na hii ni nyundo. Nyumbani umesema ni nani?"

Nikanyoosha mkono kuichukua mashine.

"Binti, mashine hii siwezi kuirudisha. Lakini kama kuna mtu amebeba mzigo wako, huyo unaweza kumtua. Nenda leo."

Sikwenda. Wiki mbili nililala ukuta mmoja na yule mama, na sikwenda. Siku alipokuwa akipakia vitu vyake kwenye mkokoteni, nilijitia kumsaidia kubeba gunia. Akaniambia polepole, "Nyundo niliisikia. Huu ukuta ni mabati tu."

"Mbona hukusema?"

"Katika ndugu zake, Akinyi amebaki na wewe peke yako. Nikikutoa kwake, atabaki na nani?"

Akamshika binti yake mkono, wakaenda kupanda basi.

Magauni aliyashona mtu mwingine. Akinyi akahamia Usenge, kando ya ziwa, kuanika omena, wale dagaa wadogo, jua likamla mikono aliyozoea kushikia vitambaa vyeupe. Nilimwambia ukweli baada ya miaka saba. Hakuacha kugeuza omena.

"Cherehani ningekusamehe siku hiyohiyo," akasema. "Lakini ulininyang'anya rafiki, tena kwa mdomo wangu mwenyewe."

Tulituma salamu kwa wafanyabiashara waliokwenda Murang'a. Hakuna aliyemjua Mama Njeri. Hadi anazikwa, dada yangu alizungumza nami kama mtu anavyozungumza na mgeni: karibu, kaa, kunywa chai.

Mwanangu, kitu kikiharibika mkononi mwako, anza kutafuta pale ulipogusa wewe, kabla hujafungua kingine. Ukishindwa, kiweke chini umwite anayejua. Na ukivunja, sema umevunja kabla jua halijatua, maana maji yakimwagika hayazoleki, na jina la mtu ni vivyo hivyo. Usimtupie jirani kosa lako kwa sababu watu wako tayari kuliamini. Hapo ndipo dhambi inapokuwa kubwa zaidi.

Mungu akupe mikono mitulivu na mdomo usioogopa kukiri. Akupe jirani kama yule, na akujalie uijue thamani yake angali mlangoni pako.