Mbaazi Themanini za Kocha

Mbuzi wa kusherehekea ushindi alinunuliwa kabla msimu haujaanza. Alifungwa nyuma ya bucha hapa Kathonzweni, beberu mweusi mwenye baka jeupe usoni, na kila aliyepita alimtupia maganda ya machungwa. Watu walimbatiza Kitui, kwa sababu timu ya Kitui ndiyo tuliyotarajia kukutana nayo fainali. Mimi sikumpenda yule mbuzi tangu siku ya kwanza. Kadiri alivyonenepa ndivyo watu walivyozidi kumtazama mume wangu kwa jicho la kudai.

Mume wangu ni kocha wa warushaji wa timu yetu ya besiboli. Kocha mkuu yupo, mwalimu wa shule ya upili, lakini nani arushe mpira, arushe mara ngapi na atoke lini, hayo ni ya mume wangu. Yeye mwenyewe alirusha ujanani mpaka kiwiko chake cha kulia kikaharibika. Mkono ule haunyooki tena. Miaka yote ya ndoa yetu mimi ndiye niliyeushika kila asubuhi na kuuingiza kwenye koti. Ndiyo maana aliweka sheria moja: mrushaji wake harushi zaidi ya mipira themanini kwa siku, hata malaika washuke kumbembeleza.

Hakuwa akihesabu kichwani. Alisema akihesabu hauoni mkono, na kazi yake ni kuutazama mkono. Kwa hiyo aliingia uwanjani na mbaazi kavu themanini mfukoni na kikombe cha bati miguuni. Kila mpira ukirushwa, anadondosha mbaazi moja kikombeni. Mfuko ukiisha, mrushaji anatoka. Mbaazi hizo zilikuwa za shamba letu, na aliyezihesabu kwenye ungo asubuhi ya mechi ni mimi, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri vitu vya karibu. Hakuwahi kuzirudia. Alizitia mfukoni na kwenda zake.

Msimu uliopita mfuko uliisha tukiongoza dhidi ya Tawa, karibu kabisa na mwisho. Akamtoa mrushaji. Aliyeingia akapigwa vibaya, tukapoteza. Hakuna aliyetutukana, na afadhali wangetutukana. Kanisani benchi letu lilibaki na nafasi pande zote mbili. Sokoni nyanya zangu zililainika kwenye kikapu huku wateja wakinunua kwa jirani yangu, wakinisalimu vizuri kabisa.

Msimu mpya ulipokaribia, salamu zikarudi na uchangamfu wake. Nikawa tena Mama Kocha. Kwenye foleni ya maji walinipisha mbele. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilipenda sana.

Matumaini yote yalikuwa juu ya kijana mmoja wa miaka ishirini na miwili, mwana wa jirani yetu mjane. Siku za kazi alipakia magunia ya machungwa kwenye malori, na mkono ule uliorusha mpira ndio uliomlisha mama yake. Mimi aliniita mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba, na hakupita kwetu bila kuuliza kama kuna kuni za kupasua.

Jumapili moja pasta alimwita mbele, akampaka mafuta kwenye kiwiko, na kanisa zima likanyoosha mikono kumwombea. Mume wangu alisimama nyuma karibu na mlango. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alisema, "Wameuombea mkono ushinde. Hakuna mtu ameuombea upumzike."

Alikuwa ameona kitu mazoezini. Kijana akipita mipira sitini, kiwiko kilianza kushuka, kidogo tu, na alirudi nyuma akikunja na kukunjua vidole. Mume wangu akaniambia anataka kupunguza mbaazi ziwe sabini. Nikakumbuka nyanya zilizolainika kwenye kikapu. Nikamsihi aache themanini zile zile, akakubali kwa ajili yangu.

Wiki ya fainali, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa alinifuata sokoni. Mwenye bucha, ambaye lori lake ndilo lingetupeleka Mtito Andei, alikuwa amesimama karibu akisikiliza.

"Mama Kocha, si uongee na mzee," mwenyekiti alisema. "Huyo kijana mwaka huu asitolewe."

"Huyo mzee hasikii mtu kwa hiyo maneno ya mbaazi."

"Wewe ni bibi yake, atakusikia."

"Na akimtoa tena," mwenye bucha akadakia, "mwambie hiyo lori yangu haitakuwa na nafasi yake ya kurudi."

Alicheka, na waliokuwa karibu wakacheka. Nikacheka pia. Kisha nikainama kupanga nyanya.

Sikuongea na mume wangu. Asubuhi ya fainali niliketi na ungo mlangoni, nikahesabu polepole hadi themanini. Kisha nikachota konzi moja zaidi, sikuihesabu, nikaitia kwenye kitambaa pamoja na zile nyingine na kukifunga. Nilijiambia ni mipira michache tu, na kwamba kijana ana nguvu. Halafu nikaushika mkono wa mume wangu na kuuingiza kwenye koti.

Uwanja wa Mtito Andei uko wazi kwa upepo, na vumbi lilitujia usoni mchana kutwa. Malori ya Mombasa yalipiga honi barabarani na watu wetu wakayajibu kwa kelele. Nilikaa nyuma ya mume wangu, karibu kiasi cha kusikia kila mbaazi ikigonga kikombe. Mwanzoni zilisikika kama kitu kitupu kinapigwa. Baadaye kikombe kilijaa na mlio ukazama.

Mechi ilipokaribia mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja. Kiwiko cha kijana kilikuwa kimeshuka hata mimi nikakiona. Mume wangu alisimama. Akatia mkono mfukoni, akaupapasa mfuko, akakunja uso. Akamtazama kijana, akapapasa tena. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na nilijua anachokitafuta. Nyuma yangu watu walikuwa wakiimba jina la kijana. Mume wangu akaketi.

Mpira uliofuata haukufika kwa mdakaji. Ulianguka katikati ya njia, na kijana akapiga magoti akiwa ameukumbatia mkono wake. Waliokuwa karibu walisema walisikia kitu kikikatika. Mimi sikusikia chochote, kwa maana nyuma yangu watu walikuwa bado wakiimba.

Tulishindwa. Kwenye lori kulikuwa na nafasi tele. Nyumbani mume wangu alimimina kikombe mezani na kuhesabu kwa kidole, akizisogeza mbaazi karibu na uso wake. Mia na tatu. Mfukoni zilibaki nne. Aliniangalia, akazirudisha kikombeni, akakiweka rafuni. Mbuzi alichinjwa Jumatatu, akauzwa kwa kilo.

Wiki mbili baadaye kijana alikuja na mkono umefungwa kwa leso ya mama yake. Daktari alikuwa amemwambia kano ya kiwiko imekatika, na magunia asahau. Aliketi kwenye ukingo wa kiti.

"Mwaitu, nimekuja kuomba msamaha," alisema. "Niliangusha watu. Ile mipira ya mwisho nilisikia mkono umekufa, lakini nikaona mzee hajanitoa. Nikajua basi bado niko sawa."

Mume wangu alikuwa upande wa pili wa meza. Kikombe kilikuwa rafuni juu ya kichwa chake. Nilifungua mdomo kusema ukweli.

"Tumekusamehe," nikasema.

Alishukuru. Alipoinuka kwenda, alijaribu kuvaa sweta yake, akashindwa. Nikasimama, nikaushika ule mkono na kuuingiza taratibu, kiwiko kwanza, jinsi nilivyozoea. Mume wangu alikuwa akitutazama.

Tangu asubuhi iliyofuata anavaa koti lake mwenyewe. Humchukua muda mrefu, na ninaposogea kumsaidia hunigeuzia mgongo.