Makofi Chini ya Tao la Stesheni

Ujana wake wote Tharsisi aliumalizia Kigoma, akipaka chokaa jengo la stesheni ambalo Wajerumani walilijenga pale Reli ya Kati inapoishia. Kuta zake nene alizijua kwa viganja, na ubaridi unaokaa ndani yake hata jua likiwa utosini. Tao la katikati alikuwa akilipaka mwisho. Hapo ndipo baba yake alipotokea siku aliyorudi kutoka kukata mkonge Tanga, na nduguze walioshuka kutoka kwao Buha, nyanda za juu, wakainama, wakampigia makofi ya salamu. Kwao, aliyepotea siku nyingi hafiki mlangoni bila kupokewa.

Basi Akimana, bintiye wa pekee, ambaye hakuonekana tangu mazishi ya mama yake, alipopiga simu kutoka Dar es Salaam akasema, "Baba, Jumapili nitakuwa nyumbani, ila nalala usiku mmoja tu," mzee hakuuliza anakuja kwa treni au kwa basi. Alifunga nyumba yake ya Kitahana, huko Kibondo, akapanda basi kwenda Kigoma.

Jumapili alishinda chini ya tao. Treni ilichelewa. Hakupiga simu, alijua porini mtandao haushiki; aliizima kutunza chaji. Ilipoingia, jioni, watu walishuka, wakaisha.

"Unampokea nani, mzee?" hamali mmoja alimuuliza.

"Binti yangu. Wa Kibondo, anatoka Dar."

"Wa Kibondo siku hizi wanapita Nyakanazi, kwa basi. Treni mmetuachia sisi tusio na haraka."

Ndipo alipoiwasha simu, akapiga.

"Baba, uko wapi? Niko kibarazani kwako tangu asubuhi. Nimepiga, hupatikani."

"Niko stesheni," akasema. "Nimekuja kukupokea."

Basi la mwisho la kwenda Kibondo lilikwisha kuondoka, na la Akimana la kurudi Dar lingeondoka alfajiri.

"Siwezi kungoja, baba. Kazini hawatanielewa."

"Najua. Usikate."

Aliiweka simu juu ya ukingo wa ukuta, akainama, akapiga makofi polepole. "Mwidiwe, mwana wanje," akamsalimu mwanawe kwa lugha ya Buha, na tao likamrudishia sauti. Hamali akasimama na mkokoteni wake, asicheke.

Kutoka kwenye simu, kwa mbali, yakaja makofi mengine, ya mtu aliyeinama mbele ya mlango uliofungwa.

Yalipokoma, Tharsisi alibaki ameinama. Nyuma yake taa za behewa zilizimwa moja baada ya nyingine.