Ulezi Wangu Juu ya Rilei

Hebu niambie wewe unayenisikiliza, kitu kikinyamaza ghafla ndani ya nyumba yako, unafurahi au unaogopa? Mimi nilifurahi. Nilikaa pale kwenye kigoda changu nikasema, afadhali, leo kumetulia.

Lakini ngoja, nitakuchanganya. Nianze na kuku.

Kuku wangu walikuwa weusi, wafupi, na miguu yao ina manyoya mpaka kwenye vidole, utadhani wamevaa soksi. Si unaijua baridi yetu huku Sumbawanga? Mwezi wa sita na wa saba hata mbwa anagombania jiko na wewe. Basi wale walizaliwa wameshavaa! Siku naolewa mama yangu alinipa tetea mmoja na jogoo, nikaja nao ndani ya tenga mpaka hapa Chanji, wakati huo Chanji mashamba matupu. Tangu hapo sikununua kuku tena. Mama alishakufa, nyumba yake ilishaanguka, na picha hakuwahi kupigwa hata moja. Kwa hiyo watoto wakiniuliza, Bibi, mama yako alikuwaje, mimi nilikuwa nawaonyesha kuku. Cheka tu. Hata mimi nilikuwa nacheka.

Halafu kikaja kideri. Asubuhi nakuta wawili wamelala, jioni sita, shingo zimepinda, wanaharisha kijani. Wiki moja tu, banda jeupe. Wale niliowagawia majirani nao wakaisha. Mtaa mzima ukiamka husikii jogoo, unasikia bodaboda tu. Mimi nikabaki na kikapu cha mayai ndani, mayai thelathini na nane, yaliyotagwa kabla ugonjwa haujafika. Na kuku wa kuyalalia hayupo, hata wa kuazima.

Sasa nina mjukuu, mtoto wa binti yangu wa kwanza. Msichana mkubwa huyo, fundi umeme, kasoma chuo cha ufundi, kazi yake kufunga sola kwenye nyumba za watu. Anakaa kwangu. Siku hiyo akarudi kazini akanikuta nimekikumbatia kikapu.

"Shikamoo, mke mwenzangu."

"Marahaba. Usinichekeshe, nimefiwa."

Akachungulia kikapuni. "Ya zamani yana siku ngapi?"

"Kumi. La leo hakuna, wa kutaga nani?"

"Basi usiyapike."

"Nani kakwambia nayapika? Mtoto wewe!"

"Na usiyaweke jikoni. Nipe siku mbili, nitayatengenezea mama."

Nikasema huyu kachanganyikiwa. Lakini kweli, akachukua kabati langu la zamani la vyombo, akalibandika vipande vya godoro ndani ili joto lisitoke, akafunga taa mbili ndogo, akaweka bakuli la maji na trei ya mayai. Juu ya kabati akaweka kopo la plastiki lisilo na kifuniko, ndani yake kuna vidude viwili, kioo kidogo cha namba za joto, na nyaya nyekundu na nyeusi, zinakwenda kwenye betri. Nikamuuliza, haitanirusha? Akasema hapana, Bibi, huu umeme mdogo, volti kumi na mbili, wa betri tu, na betri inachajiwa na umeme wa nguzo. Nguzo ikikatika, betri inaendelea.

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini mtu akinieleza vizuri naelewa. Akaniketisha.

"Bibi, huku ndani kuna kijiti kinachopima joto. Chenyewe kina nguvu kidogo sana, kikijaribu kuwasha taa kitaungua. Kwa hiyo kinamwambia huyu hapa, anaitwa rilei. Ndani ya rilei kuna sumaku. Akiambiwa kuna baridi, sumaku inavuta kibati, kibati kinagusa, taa zinawaka. Joto likitosha, anaachia, taa zinazima. Huku anapokea maneno, huku anawasha taa, na pande hizo mbili hazigusani."

Nikapiga makofi. "Kumbe ni mshenga!"

"Ehe, mshenga hasa."

"Anapeleka maneno, mali hashiki!"

"Umemaliza, Bibi. Na huyu wa pili ni taima. Yeye mambo ya joto hayajui, anahesabu masaa tu. Yakifika manne, anazungusha mota, trei inageuka, mayai yanalala upande mwingine. Kama kuku anavyoyageuza na mdomo."

"Huyo ni mpiga kengele wa kanisani."

Tukacheka mpaka nikashika mbavu. Ndivyo nilivyowajua mpaka leo, mshenga na mpiga kengele. Mshenga ana kisauti, ta! akishika, kitaa chekundu kinawaka. Ta! akiachia, kinazima. Mchana kutwa, ta, ta. Nilikuwa namjibu. Akisema ta, nasema ndiyo baba. Siku ya saba mjukuu akamulika mayai na tochi, akanionyesha mishipa myekundu kama mizizi, na katikati kitu kinarukaruka. Ni moyo huo. Niliuona moyo wa kuku wa mama yangu kwa macho haya! Mayai thelathini na moja yalikuwa na uhai. Nikatangaza mtaa mzima.

Siku ya kumi na mbili mjukuu akapata kazi Kaoze, kule chini bondeni, kufunga sola, aende Jumatatu arudi Alhamisi. Akajaza maji kwenye bakuli. Akasema, kifuniko cha kopo nitakileta nikirudi, na ukiona jambo nipigie.

Na mimi Jumapili ya wiki iliyofuata jumuiya walikuwa wanakuja kusali kwangu. Jumuiya waje kwangu wasinywe togwa? Haiwezekani. Togwa inataka kimea, na kimea ni ulezi ulioloweshwa ukachipua. Kiangazi hakuna kazi. Lakini mwezi wa sita huku juu, ulezi unakaa kwenye gunia siku nne, siku tano, umenuna tu, ukizembea unaoza. Sisi wanawake wa huku tunajua lazima uutafutie joto. Mama yangu alikuwa anauweka nyuma ya jiko. Wengine wanaulaza kitandani na blanketi kama mgonjwa, usicheke, nimeyaona.

Sasa mimi nyumbani kwangu mahali pa joto ni wapi? Si unapaona? Nikagusa juu ya kabati, vuguvugu zuri, linatulia mkononi. Nikasema, Mungu ananipenda. Jumanne asubuhi nikaubeba ulezi wangu niliouloweka, umeshachujika maji, nadhani umechujika, nikauweka kwenye gunia, nikalilaza juu ya kabati, ncha yake ikaegemea mdomo wa lile kopo. Nikafunika na khanga.

Mchana huo mshenga akanyamaza.

Kitaa chekundu nakiona kupitia khanga, kinawaka, hakizimi. Nikakitazama, nikasema ameshika kazi vizuri, hataki kuacha. Zile namba za joto macho yangu hayazioni, na khanga ilikuwa imezifunika. Kopo linawaka, kabati lina joto, kuna nini cha kumpigia mtu simu? Nikafurahi kimya kile. Jumatano nikaingiza mkono kwenye gunia, ulezi umechipua! Siku moja! Alhamisi asubuhi mizizi imeshikana kama nywele, kimea sijapata kukiona katika maisha yangu. Nikaita jirani aje aone.

Saa sita mchana mjukuu akarudi. Hata begi hajaweka chini.

"Bibi, mbona haisemi?"

"Imetulia tangu juzi. Imepata adabu."

Akainua khanga. Akaona gunia. Akaona kopo, maji yamejaa ndani yake, maji ya ulezi, yameingia kwenye pini za nyaya, pale mshenga anapopokelea maneno. Maji yalikuwa yanamwambia muda wote kuna baridi, kuna baridi, naye anashika tu hajui kuachia. Mjukuu akasoma namba.

"Arobaini na sita."

"Ilitakiwa ngapi?"

"Isifike hata thelathini na tisa, Bibi."

Akafungua mlango wa kabati, joto likatupiga usoni kama la chungu. Na hapo hapo taima akafika masaa yake. Mota ikalia nguuu, trei ikageuka, mayai yote yakalala upande wa pili, taratibu, kwa heshima.

"Mwambie aache," nikasema.

"Hajui, Bibi. Yeye anahesabu tu."

Tukazima. Akayamulika yote na tochi, moja moja, mimi nampokea naweka kwenye kikapu. Giza. Giza. Giza. La kumi na moja nikamwambia rudia, pengine limelala. Akarudia. Giza. Yalipoisha tukapasua moja. Sikutaka, lakini nilitaka. Kifaranga kilikuwa na manyoya tayari, cheusi, kidogo kama kidole gumba. Nikakigeuza. Miguu ilikuwa imevaa.

Mjukuu ndiye aliyelia, sio mimi. Anasema, kosa langu, niliacha kopo wazi, na fundi mwenye akili anaweka rilei ya pili, ya kukata joto likizidi, mimi niliharakisha. Nikamwambia, nyamaza, wewe ulikuwa na gunia la ulezi? Tukayazika nyuma ya banda, yote thelathini na moja.

Na unajua kinachoniuma? Mshenga alipona. Mjukuu alimfuta, akamwanika juani, kwenye mkeka ule ule na kimea changu. Jioni akamuunga, ta! Mzima kabisa. Na jumuiya walikuja, wakanywa togwa, wakasema, Mama, togwa ya mwaka huu haina mfano, ulifanyaje? Nikawaongezea vikombe.

Nilituma watu kijijini kwa mama wakaniulizie kuku wale. Wakarudi wakasema sasa hivi wote wanafuga kuku chotara, wale weupe wakubwa, na waliobaki wa kienyeji kideri kimepita nao. Hata ule ukoo wa jogoo hakuna anayeukumbuka. Watoto wadogo wa hapa wakiniuliza mama yangu alikuwaje, nawaambia alikuwa mfupi. Halafu natazama banda tupu.

Mjukuu bado anazunguka na kazi zake, Laela, Mtowisa, hata mbali huko. Akipiga simu sisemi hata habari za safari. "Vipi?" "Bado, Bibi. Wote miguu mitupu." Mimi najua hatawapata. Nadhani na yeye anajua. Lakini jioni ile tulipomaliza kufukia, jembe bado mkononi, udongo mpaka kwenye magoti, alinishika bega akaniambia:

"Mke mwenzangu, nakuahidi. Kila nyumba nitakayoitwa, kabla sijapanda juu ya bati, nitaanza kutazama kuku wa watu. Nikimkuta mmoja tu, hata awe jogoo kizee asiyeona, nitamleta Chanji nimempakata."