Donge la Sukari la Dada Yangu

Mwezi uliopita nilirudi upande wa Sotik kumzika dada yangu. Pale matangani niliketishwa na kupewa chai ya maziwa. Nilikishika kikombe mpaka kikapoa, kwa maana harufu yake ilikuwa imenirudisha kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba la chai, tulikolelewa.

Alfajiri mama alijitwika kikapu akaenda kuchuma majani, nasi tukabaki na nyanya, moshi wa kuni na mvua isiyoisha. Siku moja alikuja mhudumu wa afya na sanduku la barafu. Tulipangwa mstari, kila mtoto akapewa donge la sukari lenye tone la chanjo ya polio. Jirani yetu, mtu wa mzaha, alisema serikali imekumbuka hatimaye kwamba wachuma chai nao hunywa chai.

Dada alikuwa amelala ndani na homa. Nyanya alipoeleza hivyo, mhudumu, aliyekuwa na haraka ya kufika kambi nyingine, alimwekea donge kiganjani.

"Mpe akiamka, mama."

Hakusema kwamba joto huiua dawa ile. Wala hakuulizwa, kwetu mwenye koti jeupe hakuulizwa kitu.

Sukari siku hizo ilikuwa ya wageni na wagonjwa. Nyanya hakuona mtoto mwenye homa angetafunishwaje kitu kikavu. Alichemsha chai, akaongeza maziwa, akalikoroga donge hadi likayeyuka, kisha akamnywesha dada polepole, huku akimwimbia. Sijaona tena mikono yenye upendo kama ile.

Homa ilipoa. Mvua za mwaka uliofuata zilikuja na polio, na mguu wa kulia wa dada ukalegea, usipate nguvu tena.

Hata uzeeni nyanya aliwaambia wageni, "Watoto wengine tuliwazika. Huyu aliokolewa na ile chai."

Dada alikuwa amekwisha kuelezwa ukweli na muuguzi mmoja, naye akatukataza kuutamka mbele ya nyanya. Aliegemea fimbo yake, akajibu, "Ndiyo, Kogo," kama tulivyomwita nyanya kwa lugha yetu, akamwongezea sukari kikombeni.

Nimesoma mengi kuhusu ujinga wa watu wa mashambani. Siyakubali. Aliyempa nyanya dawa na kumnyima maelezo yake ndiye aliyekosa. Sasa laini zimebomolewa, na michai imepandwa hadi pale palipokuwa na meko yetu. Nyanya alikwenda zamani, akiishukuru chai yake. Dada naye amemfuata. Siri ile nimeachiwa peke yangu, na hakuna tena wa kumficha.