Viatu Vyake Navijua

Mama mkwe wangu aliishi kwangu Malukhu, mjini Mbale, chumba cha nyuma, na kwa muda mrefu sikuwa nimeuona uso wake. Mgongo wake niliujua, leso zake nilizijua, na kikohozi chake cha asubuhi kilikuwa saa yangu ya kuamkia. Nikiingia sebuleni, yeye hutoka kwa mlango wa jikoni. Tukikutana uani kwa bahati mbaya, yeye hujifunika leso na mimi hugeukia ukuta, mtu mzima na ndevu zangu. Mimi ni Msoga, na Msoga hamwangalii mama wa mkewe, hampi mkono, hamtaji jina, na mama naye hamtaji mkwewe. Mwiko huo tunauita obuko, na husemwa kwamba anayeuvunja atatetemeka mikono hadi uzeeni. Kwao mama, Bungoma, upande wa Kenya, wanao mwiko huo huo. Kwa hiyo tulielewana vizuri sana, kila mmoja akimkimbia mwenzake.

Imamu wetu alinicheka. Katika dini, aliniambia, mama wa mke ni kama mama mzazi, hata mkono unaweza kumpa. Nilimjibu kwamba dini ilinikuta nimeshakuwa Msoga.

Tulizungumza kupitia mke wangu, hata tukiwa tumetenganishwa na pazia tu. "Mwambie mwenye nyumba chai imemiminwa," mama angesema. Nami ningejibu, "Mwambie mama asante, rakini nimeshiba." Na yeye, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, "Mwambie hata sisi tumeshiba hiyo rakini yake." Kiswahili kilikuwa chao, mimi nilikipata ukubwani. Marehemu baba yangu hakukipenda kamwe. Akikisikia alikumbuka wanajeshi waliokizungumza wakigonga mlango. Mimi nikikisikia nakumbuka chai na yule mama akinicheka nyuma ya pazia.

Mama alikuwa mjane, na mke wangu ndiye mtoto pekee aliyembakia. Moyo wake ulikuwa mgonjwa. Alivuka mpaka kwa kitambulisho chake, akapewa muda wa kukaa, na muda ukiisha ilibidi arudi mpakani kugongewa muhuri upya. Kila safari ilimrudisha akiwa amevimba miguu na hana pumzi. Daktari wa Mbale akatuambia safari hizo zikome. Kilichobaki kilikuwa kumtafutia kibali cha mtegemezi, akae kwa binti yake kihalali, atulie. Akikosa, angerudi kuishi peke yake katika nyumba isiyo na wa kumpa maji. Hilo ndilo lililomnyima mke wangu usingizi.

Karatasi za mke wangu mwenyewe zilipita bila taabu tulipooana, nami nikajiona bingwa wa uhamiaji. Duka langu ni la spea za malori, na madereva Wakenya walikuwa wakija kuniuliza habari za vibali zaidi kuliko za breki. Karatasi za mama nikazikusanya kwa madaha: picha, cheti cha kuzaliwa cha binti, cheti chetu cha ndoa, barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kitambulisho changu kinasema Mpumudde, kule Jinja nilikozaliwa, kwa hiyo tulipeleka maombi Jinja, na Jinja ndiko tulikoitwa kuhojiwa.

Niliendesha gari mwenyewe. Mama na mke wangu walikaa nyuma. Kabla ya kuondoka niligeuza kioo cha ndani kikatazama juu, nisije nikamwona, na njia nzima malori ya Kenya yalinitokea nyuma bila taarifa. Yule mama lazima alishika moyo wake kila honi ilipolia.

Ofisini kulikuwa na watu wengi. Afisa alikuwa mpole. Aliyetutangulia alidai ni mjomba wa msichana ambaye, alipoulizwa, hata kijiji cha mama yake hakukijua, kwa hiyo sikushangaa afisa alipomtoa mke wangu nje ili asimjibie mama yake. Mama alikaa benchi la mbele akinipa mgongo. Mimi nilikuwa nyuma na wanaume wengine.

"Mama, mwanaume amekuleta iko nani kwa wewe?"

"Ni mkwe."

"Jina yake?"

Mama akakaza leso. "Ni bwana wa binti yangu."

"Hiyo umesema. Jina?"

"Sijui."

Afisa akaweka kalamu chini. "Unalala nyumba yake, unakula chakula yake, jina hujui? Haya, nionyeshe. Iko wapi hapa ndani?"

Mama aligeuka nusu, akainama, akapitisha macho chini ya mabenchi. Alinyoosha kidole. "Yule wa viatu vya kahawia, vyenye kamba nyeusi. Viatu vyake navijua."

Watu walicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na wakati huo huo nilijisikia fahari ya ajabu, kwa maana mama mkwe aliyekuwa akinitunzia heshima namna ile hakuna mwingine.

Nikasogea. "Afande, jina anajua. Rakini hawezi kusema. Ni obuko."

"Bwana, hata mimi niko na mama mkwe," afisa akasema, bila ukali. "Lakini hapa niandike nini? Niandike obuko?" Akanionyesha fomu. Hapakuwa na mahali pa kuandika heshima. Akaandika kwamba uhusiano haujathibitishwa, akatupa nafasi nyingine mama atakapokuwa tayari kujibu.

Tuliporudi Malukhu mke wangu alianza kumbembeleza. Nilikuwa sebuleni, wao nyuma ya ukuta.

"Mama, ni jina tu."

"Wewe uliona nani akitaja mkwe wake kama anaita mtoto wa jirani?"

"Utanizika nikiwa hai, mama. Ukirudi kule peke yako mimi nitakaaje?"

Baadaye nikasikia sauti ya chini ya mama ikijaribu kipande cha kwanza cha jina langu, ikakatika, ikaanza tena. Mke wangu akamrekebisha. Nikasikia jina la baba yangu. Niliongeza sauti ya redio, kwa sababu sikuwa na haki ya kusikia yale, na kwa sababu nilikuwa nalia.

Mara ya pili, afisa yule yule. Mama alisimama bila kuombwa. Alitaja jina langu lote, la baba yangu, la babu yangu, na ukoo wangu juu yake, ambao hakuna aliyeuliza. Kisha akashusha leso kutoka kichwani, akageuka, akaniangalia usoni.

"Ni huyu," akasema.

Alikuwa na macho ya mke wangu. Hilo sikulitegemea. Yale macho niliyokuwa nikiyaangalia kila siku mezani, yakiwa yamezeeka na yamejaa maji. Nikajua kwamba mimi pia nimemwona, na kwamba hatutaweza kurudisha hilo nyuma. Afisa aliandika, na safari hii aliandika kwa kirefu.

Ndani ya gari mama alisema nami moja kwa moja kwa mara ya kwanza. "Kinyooshe hicho kioo. Tumeshaonana. Usituue bure."

Nikakinyoosha. Hatukutazamana tena, lakini nilijua yuko pale nyuma.

Kibali kilitoka. Mke wangu aliimba jikoni. Mama hakuimba. Tangu siku ile hakutia mdomoni chakula cha nyumba yangu. Mke wangu alikuwa akimnunulia mkate na maziwa dukani. Mwiko ulikuwa umevunjwa, na ulihitaji kutengenezwa: mimi nimpe kitenge kipya mbele ya watu wake, akivae, ndipo turudi kila mmoja kwenye upande wake wa pazia. Na hilo, alisema, hufanyika nyumbani kwake tu. Tulimsihi awaite ndugu zake waje Mbale. Mke wangu alimkumbusha maneno ya daktari. "Daktari hali ugali wa mtu aliyemkodolea macho," akajibu. Alitangulia kwenda Bungoma kuwaandaa watu wake, sisi tumfuate. Mkobani mwake alibeba kibali, amekifunga kwa kitambaa cha kichwa, ili apite nacho akirudi.

Tuliitwa kabla ya siku yenyewe. Alikuwa amefagia uwanja kwa ajili yetu, akakaa kupumzika mlangoni, hakuinuka.

Nimekasirika mpaka leo, na sina wa kumkasirikia. Afisa alifanya kazi yake. Mke wangu alimtaka mama yake. Mama alitaka mimi nibaki mkwe.

Mpakani Malaba, afisa wa upande wa pili aliniuliza naenda kwa nani.

"Mazishini."

"Mazishi ya nani?"

Nilimgeukia mke wangu anisaidie, naye alikuwa ameziba mdomo kwa leso ya mama yake. Nikalitaja mimi. Jina la ubatizo, la nyumbani, na la baba yake. Nilikuwa nikilijua miaka yote hiyo, na lilitoka bila kukwama. Afisa akagonga muhuri, akaita anayefuata.

Kitenge kilikuwa kwenye mfuko wangu, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani. Ndugu zake walikipokea, wakamfunika nacho. Mimi walinisimamisha nyuma ya nyumba, kwa kuwa mkwe haangalii maiti ya mama wa mkewe, na nilisimama huko nikitazama viatu vyangu hadi walipomaliza. Uso wake niliuona mara ile moja tu, akimwonyesha afisa mimi ni nani.