Kabureta Mbili na Mtani wa Kizaramo

Jumanne ya pili ya mwezi wa nane, mwaka 1953, nikiwa Shinyanga, nilipata barua kwamba kaka yangu Masanja amefariki Nyarugusu na amekwisha kuzikwa. Barua ilichelewa njiani. Mama aliagiza kwamba matanga yataanuliwa Jumamosi. Ndugu wote watanyolewa na kutawanyika, lakini yeye hatanyolewa mpaka anione. Maziko nilikuwa nimeyakosa. Sikutaka mama abaki peke yake na nywele za msiba, akinitazamia barabarani.

Masanja alikuwa fundi wa magari katika gereji moja ya Shinyanga kwa miaka mingi, kabla ya kwenda Nyarugusu kutengeneza mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mimi nilikuwa mwosha magari katika gereji hiyo hiyo, na kuendesha alinifundisha yeye. Mzungu mmoja aliyehamia Geita alikuwa ameacha gari lake kwetu, gari dogo la mbio, jekundu, la viti viwili, lisilo na paa. Tajiri wa gereji alitaka lipelekwe, nami nikaomba nilipeleke mimi, kwa kuwa njia ya Kahama ingenipitisha Nyarugusu.

Shida ya gari lile ilikuwa moja: lilikuwa na kabureta mbili. Lazima zote mbili zivute hewa sawasawa. Moja ikizidi, injini inakohoa na kutema moshi. Masanja alisema ni wake wenza, na hakuna mwingine pale aliyeweza kuwapatanisha.

Alhamisi asubuhi nilikuta kiti cha pili kimekaliwa. Kibwana, fundi cherehani Mzaramo aliyeshona barazani mbele ya gereji yetu, alikuwa amevaa ovaroli kuukuu la Masanja. Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani, na kwetu msiba bila mtani haujatimia: kazi yake ni kumwigiza marehemu na kuwatukana wafiwa wasizame katika huzuni. Nilimwambia sina nafasi. Akanijibu kwamba marehemu hukaa mbele.

Tulipopita Isaka gari lilianza kukohoa. Nilikaza skrubu ya kabureta ya kushoto, ya kulia ikaharibika. Nilirekebisha ya kulia, ya kushoto ikatema moto ukaniunguza nyusi. Kibwana alikaa kivulini akila karanga.

"Kaka yako hukumzika," aliniambia. "Basi zika hata gari."

Iliniuma. Lakini ndiyo kazi yake, nikarudi kwenye skrubu.

Ijumaa tulitoka Kahama kuelekea kaskazini, na kwenye kilima cha kwanza injini ilikataa kabisa. Mfugaji mmoja, Baba Ng'washi, alitufungia maksai wawili. Alisema wamewahi kuvuta majembe, magogo, hata jiwe la kusagia, lakini kitu chekundu bado. Niliongoza maksai kwa miguu. Kibwana alikaa kwenye gari akiwapungia mkono watu wa mashambani kama bwana shauri wa wilaya, nao wakamwamkia yeye. Mke wa Baba Ng'washi alitupa uji, akaniuliza kwa nini bwana mkubwa amenivalisha vibaya hivyo.

Jumamosi mapema tulifika kwenye kizuizi cha barabarani, ambako kila gari huingizwa bandani ili askari wa mbung'o watafute inzi hao wa malale kwa nyavu. Injini ilikuwa imekubali kuwaka tena alfajiri, lakini gari lilikwenda kwa kurukaruka, na askari akaamuru nizime. Nilimsihi sana, nikamweleza habari ya matanga. Akasema pole, lakini mbung'o hawana matanga. Nikazima. Walipomaliza kukagua hata soksi zetu, gari likakataa kuwaka.

Hapo nilikaa chini. Kibwana aliponiona hivyo, akaanza kazi yake mbele ya askari. Aliburura mguu wa kushoto kama Masanja. Alitoa mfukoni mwa ovaroli mrija mwembamba wa mpira, akauchomeka sikioni, akafumba jicho moja, akaniita kwa lafudhi ya kwetu na sauti ile ile ya kaka yangu. Kisha akainama, akashika nati ya kijiti kinachounganisha kabureta hizo mbili, akajifanya anailegeza.

"Luhende, watenganishe kwanza," alisema. "Wake wenza hawasemezwi pamoja."

Askari walicheka sana. Mimi sikucheka. Kwa siku mbili nilikuwa nikigusa skrubu huku kijiti kimekazwa, kila nilipogeuza moja nikawa naisukuma na ya pili.

Nilimwomba aendelee.

"Mimi sijui gari," alisema kwa sauti yake. "Namwiga tu."

"Basi mwige polepole."

Alifanya kwa mikono mitupu, nami nikamfuata kwa spana. Nililegeza nati, tukalisukuma gari likawaka kwa kutetemeka. Nilisikiliza kwa mpira mlio wa hewa kushoto, kisha kulia, nikageuza skrubu moja moja mpaka milio ikafanana, ndipo nikakaza kijiti. Katikati Kibwana alipiga chafya mbili. Nami nikapiga mbili, kwa sababu sikujua tendo lipi ni la kazi na lipi ni la Masanja mwenyewe.

Injini ilitulia. Haikukohoa tena, hata Jumatatu nilipolikabidhi gari Geita na kupanda lori la kurudi Shinyanga.

Nyarugusu tuliingia alasiri. Ndugu walikuwa wamekwisha kunyolewa, wanafunga mizigo. Mama alikuwa mkekani, na nywele zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari hilo nani amelitengeneza?"

Nilimwambia kweli: mimi, lakini kwa kumfuata Mzaramo akimwigiza Masanja. Mama alimgeukia Kibwana, akamwambia amwonyeshe. Alikuwa hajawahi kumwona mwanawe kazini. Kibwana, aliyenitukana tangu Shinyanga, aliinamisha kichwa akasema mbele ya mama anaona haya.

"Mtani hakatai," mama alisema.

Akafanya yote, mguu, jicho, mpira, na mwisho chafya.

"Na hiyo chafya?" mama aliuliza.

"Petroli, mama. Ilikuwa inamwingia puani kila siku."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akahamia kwenye kigoda, akainamisha kichwa ili anyolewe, nami nikamshikia beseni la maji.