Niliapa Talaka Juu ya Oili ya Gari

Bwana msimamizi wa ukurasa huu, jina langu na la mke wangu yafiche, kwani huku Likoni tunajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na miwili, mfanyabiashara wa leso. Mke wangu nimeishi naye miaka ishirini na mitatu, na Mungu hakutujaalia mtoto. Haya ninayoyaandika sijamwambia mtu yeyote, hata imamu wa msikiti wetu.

Wazungu wengi sasa wanafunga mizigo kwa sababu ya uhuru. Mmoja wao, mpima ardhi, aliniuzia gari lake: lori la dizeli lililojengewa nyumba mgongoni, lenye vitanda viwili, jiko, tangi la maji na madirisha ya mapazia. Tukawa tunapakia leso tunakwenda Kwale, mara Voi, tunalala humo humo, na mke wangu anapika huku akiimba kama bibi harusi. Kabla ya kuondoka yule Mzungu alitufundisha kubadilisha oili wenyewe, akasisitiza kwamba injini ile ikikosa oili mpya itakufa. Mimi kiuno kiliniharibikia kazini bandarini, siwezi kuingia uvunguni, basi mke wangu ndiye aliyejifunza. Huvaa suruali yangu kuukuu chini ya leso, akatandika gunia, akalala chali chini ya gari na spana mkononi. Wanawake wa mtaani walimcheka. Mimi nilijivuna.

Siku ya oili ilipofika kwa mara ya kwanza, nilinunua mkebe nikamwachia, nikaenda zangu mazikoni Mtongwe. Niliporudi akaniambia kazi imekwisha, na injini ameiwasha akaiacha ingurume kitambo kuona kama nati inavuja. Asubuhi yake, dada yangu akiwa amekuja kutuaga kabla ya safari yetu, nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa cheusi tititi. Mimi niliendesha teksi ya petroli miaka minane na nilidhani oili naijua: ikiwa mpya hukaa na rangi ya asali siku nyingi. Nikamwuliza oili chafu iko wapi. Akasema jirani ameichukua apake nguzo za ua wake, mchwa wasile. Na mkebe je? Amempa jirani mwingine wa kuchotea maji. Nikakumbuka kwamba kaka yake ana mashua ya injini, damu ikanipanda kichwani.

"Wanifanya mjinga," nikamwambia. "Oili yangu umempa kaka yako."

"Bwana, nshabadilisha kwa mikono yangu hii. Mbona wanitizama hivyo?"

Hasira ni hasara, tunasema kila siku, na siku yenyewe ikifika hatukumbuki. Nikakiinua kile kijiti mbele ya dada yangu nikasema, "Wallahi, kama hii ni oili mpya, basi wewe huna ndoa nami, talaka tatu!"

Dada yangu akajishika kichwa. Mke wangu alikitazama kijiti, akanitazama mimi. Kisha akasema polepole, "Si mpya. Nimempa kaka. Nisamehe." Nami nilifurahi, ndugu zangu. Nilifurahi kwamba nimepatia.

Dada yangu hana kifua. Wiki haikwisha, mtaa mzima ulijua. Kwenye harusi moja mtaani Bofu wanawake walihesabu vijiko mke wangu alipotoka jikoni. Kaka yake alikuja kuniapia kwamba hakupewa hata tone, na mke wangu mwenyewe ndiye aliyemnyamazisha. Tangu siku ile amehamia kitanda cha pili, ati mgongo wamuuma. Akaanza pia kujifunika nywele kila nikiingia. Nikasema moyoni, hiyo ni haya ya mwizi.

Juzi oili ilifika tena, na kwa kuwa sikumwamini nikalipeleka gari kwa fundi Changamwe. Nilisimama nikaona kwa macho yangu akimimina oili ya rangi ya asali. Nilipofika Likoni nikapima, nikakuta nyeusi tititi. Kesho yake nikamrudia fundi nimefura, naye akacheka.

"Mzee, hii ni dizeli. Oili yake ikizunguka kidogo tu ndani ya masizi, imeshakuwa nyeusi. Wewe umezoea petroli." Akaona simwamini, akataka kuapa. Nikamwambia asiape.

Niliketi kwenye usukani nikalia kama mtoto. Mke wangu alijua. Alijua pale pale kwamba oili ni mpya na kwamba kiapo changu kimemwacha, akaona heri aitwe mwizi kuliko watu waambiwe nyumba ya miaka ishirini na mitatu imevunjwa na mkebe wa oili. Na zile nywele, na kile kitanda! Mwenzangu alikuwa anakaa eda ya mwanamke aliyeachwa ndani ya nyumba yangu, huku akinipikia.

Miezi mitatu inatimia wiki hii. Ameniomba ruhusa aende kwa mamake Kisauni siku ya Ijumaa, na hakusema atarudi lini. Nikiusema ukweli, jina lake litasafika, lakini dada yangu ni shahidi wa kiapo, na mke wa talaka tatu hamrudii mumewe mpaka aolewe kwanza na mwingine. Nikinyamaza, huenda nikamsihi akabaki, ila atabaki mwizi machoni pa watu, nami nitakuwa nakaa na mwanamke ambaye labda si wangu. Kwa kadhi ningekwenda, lakini naliogopa jibu lake.

Jana, akikunja nguo zake, aliniambia bila kunitazama, "Utakayempata wa kukubadilishia oili, mwamini." Wasomaji wenzangu, nipeni shauri kabla ya Ijumaa: mdomo huu uliovunja nyumba yangu niufungue tena, au niufumbe?